Hozi ya Gurudumu la Kushoto

Gari lililokataa kusimama lilipelekwa kwa Simama. Ndivyo mtaa mzima ulivyojua, na jina lenyewe alipewa na wateja. Alikuwa na karakana ya mabati yenye shimo moja la kuingilia chini ya magari na meza ndefu ya mbao iliyonyonya grisi hadi ikawa nyeusi tii. Injini hakugusa. Umeme hakugusa. Mtu akija na gari linalotoa moshi, alimwelekeza kwa jirani. "Kuondoka utaondoka mwenyewe," alikuwa akisema, "kusimama ndiko kunakotaka fundi." Watu walicheka, naye alijua kwamba wanacheka, kwa hiyo akayarudia maneno hayo miaka nenda miaka rudi.

Alikuwa na kaka mmoja tu, wa baba mmoja mama mmoja, ambaye alikuwa hajasemezana naye kwa miaka kumi na miwili. Kaka huyo aliitwa Dereva, ingawa kwa muda wote huo hakuwa ameshika usukani. Alikuwa bawabu wa shule, akifungua lango asubuhi na kulifunga jioni, mpaka macho yalipoanza kuingia ukungu akaambiwa apumzike. Nyumba yake na karakana ya Simama zilitenganishwa na barabara tatu. Watu wawili wanaotaka kukwepana hawahitaji mji mkubwa. Wanahitaji kujua tu mwenzao anapita wapi saa ngapi, na ndugu hawa walijuana vizuri sana.

Jumamosi moja asubuhi, binti wa Dereva aliingia karakana. Alikuwa mkunga, amemaliza masomo mwaka uliopita, na mara ya mwisho Simama kumwona kwa karibu alikuwa mwanafunzi mwenye soksi ndefu, siku ya mazishi ya bibi yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

Simama aliitikia, akafuta mikono kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamsogezea kibao akae. Binti hakukaa. Alieleza shida yake akiwa wima, kama mtu aliyeikariri njiani. Alikuwa amepangiwa kazi kwenye zahanati iliyoko ng'ambo ya milima, mahali ambapo baada ya saa sita mchana hupati usafiri wowote, na mama mjamzito uchungu ukimwanza jioni anabebwa kwa baiskeli. Baba yake alikuwa amempa lile gari lake la zamani, lililofungiwa kwenye bohari ya kinu cha unga kilichokufa. Fundi wa injini alikwishakuja, akabadilisha betri na plagi, na baada ya siku mbili za kubembelezwa likawaka. Lakini pedali ya breki ilikuwa inazama hadi chini kama inakanyaga maji. Zilibaki wiki mbili aripoti kazini.

Simama aliuliza kama baba yake anajua amekuja hapo.

"Alisema nitafute fundi yeyote mjini," akasema Mkunga. "Yeyote, ila si wewe."

"Na bado umekuja."

"Ugomvi ni wenu, baba mdogo. Milima ni yangu."

Jibu hilo lilimfurahisha Simama, na lile katazo likamfurahisha zaidi kwa njia isiyo nzuri. Alijiambia kwamba kaka yake hajabadilika: kiburi kilekile, mtu wa kukosa mwenyewe kisha akawanunia wengine. Akamwambia binti kwamba Jumatatu wataonana kwenye bohari.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye gari hilohilo.

Wakati ule Dereva alikuwa akiendesha basi la shule, na kwa siku zake za mapumziko alijinunulia hilo gari dogo la familia, chakavu tayari, la mtindo wa kizamani ambao mafuta ya breki ya magurudumu yote manne yanapita katika njia moja. Ikitoboka mahali popote, zote zimekwenda. Simama ndiye aliyelifanyia breki upya, kazi ya siku mbili. Wiki tano baadaye Dereva alimpakia mama yao kumpeleka kwa dada yake. Kwenye mteremko, palipo na kona ya kulia kabla ya daraja, pedali ilizama. Dereva alishusha gia, akavuta breki ya mkono, na alipoona watu wamejaa darajani akalitupa gari kwenye ukingo wa udongo, upande wa kushoto. Mama alikuwa amekaa upande huo. Alivunjika nyonga.

Simama alifika hospitali akiwa na ovaroli. Swali lake la kwanza, mbele ya kitanda cha mama, lilikuwa hili: "Ulikuwa mwendo gani?"

Dereva alisema pedali ilizama. Simama akasema haiwezekani, kwa kuwa breki zile amezifunga kwa mikono yake mwenyewe. Dereva akarudia kwamba pedali ilizama. Mama alikuwa akiwatazama kwa zamu, huyu na huyu, kwa uso wa mtu anayeumwa na ambaye watoto wanamwongezea maumivu. Walibishana hivyo siku mbili. Siku ya tatu Dereva aliingia wodini, akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba alikuwa na haraka siku ile, alikimbiza gari, na kosa ni lake.

Basi Simama akashinda, na ushindi akautangaza. Alimweleza jirani, akawaeleza wateja, akamweleza kila aliyeuliza hali ya mama. Habari ikafika shuleni. Shule haikutaka dereva aliyekiri kukimbiza gari akiwa amempakia mama yake mzazi, ikamtoa kwenye basi na kumpa ufunguo wa lango. Mama alipotoka hospitali na mkongojo wake alikwenda kukaa kwa Simama, akaishi huko miaka minne iliyobaki ya maisha yake. Dereva alikuja kila Jumapili, akakaa naye uani, ndani hakuingia. Alipoinuka kuondoka, mama alimwambia kila mara, bila ukali: "Nenda taratibu, mwanangu. Usikimbie tena." Naye alijibu kila mara, "Sawa, mama." Simama aliyasikia maneno hayo kupitia dirishani, Jumapili baada ya Jumapili, akaona ni haki.

Jumatatu Mkunga alifungua kufuli la bohari. Ndani kulinuka unga mkavu na panya. Walivuta turubai, vumbi likawafanya wapige chafya kwa kupokezana, na gari likatokea: rangi imepauka, viti vimetafunwa, bati la mbele kushoto bado limebonyea kama lilivyobonyea siku ile. Simama alilizunguka mara mbili bila kugusa kitu. Kisha akaweka mawe kwenye magurudumu, akapiga jeki, akaanza nyuma.

Dramu za nyuma, yale makopo ya chuma yanayofunika breki, zilikuwa zimeshikana na zile nusu-duara za chuma zenye bitana, ambazo mafundi wanaziita shuu, kiasi kwamba ilibidi agonge kwa nyundo kidogokidogo, huku na huku, akipulizia mafuta ya kulainisha na kusubiri. Alikuwa mtu wa kusubiri. Dramu ya kwanza ilitoka karibu na saa sita, ikamwaga kutu sakafuni kama ugoro. Mafuta ya breki yaliyobaki kwenye mabomba yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia na kuwa mazito. Alimwonyesha binti kidole chake kilicholowa. Alimweleza kwamba mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, unyevu unakula chuma kwa ndani, ndiyo maana gari lililolala miaka ni la kuogopwa kuliko lililotembea miaka. Injini ikiharibika itakupigia kelele. Breki hazisemi kitu mpaka siku unapozihitaji.

Mkunga alisikiliza vizuri. Alimshikia taa, alimpa spana kwa namba, na alikuwa na mzaha wa kimyakimya ambao Simama aliutambua, kwani ulikuwa wa mama yake. Alipomwona baba yake mdogo akiivuta dramu ya pili kwa nguvu zote, alisema, "Sukuma kidogo, mama, kichwa nimekiona." Simama alicheka mpaka akakaa chini. Jioni ile alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwa ameipata kwa siku nyingi, akamwambia mkewe kwamba yule mtoto ni wa kwao kabisa.

Siku ya pili alimaliza gurudumu la mbele kulia, akahamia kushoto. Nati ziligoma, akakata moja. Gurudumu lilipotoka, aliingiza taa chini ya lile bati lililobonyea na kuona kitu ambacho hakukitegemea. Hozi ya breki, ule mpira mweusi unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ilikuwa imefungwa katikati kwa kipande cha mpira wa tairi, kikazungushiwa waya na kukazwa.

Alikata waya. Akafungua mpira. Chini yake hozi ilikuwa imelika upande mmoja, imesagika hadi nyuzi za ndani zikaonekana, na katikati ya nyuzi kulikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mchele.

Hozi ya breki ina mstari mweupe uliopakwa toka mwanzo hadi mwisho. Mstari huo una kazi moja tu: fundi akishaifunga autazame, akiona umenyooka ajue hozi imekaa sawa, akiona umezunguka ajue ameisokota. Hozi iliyosokotwa hujipinda kuelekea kwenye tairi, na kila usukani unapokatwa kulia, tairi linailamba kidogo. Simama alikuwa amewafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake: tazama mstari. Alipangusa vumbi kwa kidole gumba. Mstari ulikuwa umezunguka hozi mara moja na nusu, kama mkanda wa mtu aliyevaa kwa haraka.

Alikumbuka. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye, kwamba hakuhitaji hata kujaribu. Ilikuwa mwisho wa siku ya pili, mteja mwingine alikuwa akimngoja na kupiga honi nje, na yeye akakaza nati ya juu kabla ya ile ya chini, akaisikia hozi ikijinyonga kidogo, akasema atairekebisha atakapomaliza. Hakuirekebisha. Miaka kumi na miwili alikuwa ameliweka jambo hilo mahali ambapo hakulazimika kulitazama.

Kisha likaja la pili, zito kuliko la kwanza. Mtu alikuwa amekwishaiona. Mtu alikuwa ameingiza mkono chini ya bati hili, akaliona tundu, akauona mstari, akalifunika lote kwa mpira na waya, fundo la kurudia mara mbili kama wafungavyo madereva wa magari makubwa. Akalifungia gari boharini, akakaa na ufunguo. Na akamwambia binti yake: fundi yeyote, ila si yule.

Mkunga, aliyekuwa ametoka kuchota maji ya kunawa, alirudi akamkuta ameketi sakafuni. Akauliza kuna nini.

"Mpira umeoza," Simama akasema, akaitia hozi mfukoni mwa ovaroli.

Alisema ana dharura, akaenda nyumbani mchana kweupe. Mkewe alikuwa akianua nguo. Huyu ndiye aliyemwogesha mama kwa miaka minne, akamkata kucha, akamfunga kitambaa kichwani. Simama alimpa ile hozi, akamweleza. Mkewe aliigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu, kisha akairudisha.

"Na kila Jumapili mama alimwambia asikimbie," akasema, akarudi kwenye nguo zake. Hakusema lingine siku ile, na Simama angependelea amgombeze.

Alitaka kwenda kwa kaka yake saa ileile, asiende, aende. Mwisho alijiambia amalize kazi kwanza, na hata yeye hakujua kama huo ni uungwana au ni woga. Alifanya kazi siku nne. Alibadilisha hozi zote, hata iliyokuwa nzima. Alitupa mabomba yote ya chuma akapinda mapya ya shaba, akanunua silinda mpya za magurudumu, na ile silinda kubwa iliyo mbele ya pedali alipoikuta imeliwa na kutu ndani akakataa kuisugua kwa msasa kama mafundi wengine wanavyofanya, akaagiza nyingine. Kila hozi alipoifunga alitazama mstari, akatoka, akarudi kuutazama tena.

Jumapili ilibaki kazi ya kutoa hewa. Hewa ikibaki ndani ya mabomba pedali inakuwa laini, kwa hiyo mmoja anakaa kwenye usukani akikanyaga na mwingine yuko chini akifungua na kufunga kijinati kidogo kwenye kila gurudumu. Mkunga alikaa juu. Simama alilala chali chini ya gari.

"Kanyaga," akasema. "Shikilia." Hewa ikatoka na povu. Akafunga. "Achia."

Walianza nyuma wakaja mbele. Gurudumu la kushoto walilifikia mwisho.

"Kanyaga. Shikilia." Mafuta yalitoka safi, bila povu hata moja, lakini Simama hakumwambia aachie. Alilala pale akitazama hozi mpya. "Mwanangu," akasema, "baba yako hakukimbiza gari siku ile."

Juu kiti kililia.

"Hozi niliifunga vibaya mimi. Ilisagwa na tairi ikapasuka. Baba yako aliiona, akaificha, akasema kosa ni lake. Mimi nilikuwa sijui kwamba anajua. Lakini kwamba niliifunga vibaya, nadhani hilo nilikuwa nalijua."

Alisubiri. Aliona mguu wa binti, kiatu chake cheupe cha kazi, bado umebana pedali kwa nguvu.

"Nishikilie bado?" akauliza Mkunga.

"Achia."

Aliachia. Alishuka, akatoka nje ya bohari, akasimama kwenye jua akimpa mgongo. Simama alijikokota toka chini ya gari lakini hakumfuata. Baada ya muda binti alirudi, macho mekundu, akasema kwamba shuleni watoto walikuwa wakimtania kwamba baba yake ni dereva wa lango. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anatoa taarifa ya mgonjwa. Kisha akaingia kwenye gari, akamwambia apande, kwani breki ni lazima zijaribiwe, na kama ni kuzijaribu basi zijaribiwe kwenda nyumbani.

Dereva alikuwa kibarazani kwake, kwenye kiti cha plastiki, redio pajani. Macho yake yalikuwa yanaona umbo la mtu, sura hayaioni. Gari lilipoingia uani alizima redio, akainamisha kichwa kusikiliza. Mkunga alisimamisha taratibu, likatulia bila mtikisiko wala kulia. Dereva alitikisa kichwa.

"Nilikwambia usimpelekee," akasema, kabla mtu hajashuka.

Simama alipanda ngazi mbili za kibaraza. "Shikamoo, kaka."

 Mke wa Dereva, aliyetoka mlangoni na mwiko mkononi, aliwatazama, akarudi ndani na mwiko wake. Akamwita na Mkunga.

"Marahaba," Dereva akasema. "Kaa. Hicho kiti kimepasuka, kaa upande."

Simama alikaa upande. Akasema ameiona hozi.

"Ungefungua lile gurudumu ungeiona tu. Ndiyo maana nilikataza."

"Kwa nini hukuniambia?"

 Dereva alieleza kwa kirefu, akirudi nyuma pale aliposahau. Siku ya pili baada ya ajali alikwenda lilikovutiwa gari, akaingiza mkono, akaona. Alitoka pale kwa hasira hadi kwenye karakana, na akasimama ng'ambo ya barabara. Aliona magari matatu yamepanga foleni. Aliona mdogo wake, ambaye ndiyo kwanza ameoa, nyumba bado haijaezekwa upande mmoja, anaitwa kwa lile jina na watu wanacheka naye. Akafikiri kwamba akivuka barabara na kusema, kesho hakuna atakayemwachia huyu gari tena. Yeye mwenyewe alikuwa na mshahara na leseni. Alidhani mtu mzima akisema alikimbia kidogo, watu watamsamehe.

"Na mama alikuwa na watoto wawili," akasema. "Mmoja alikuwa amekwishalaumiwa. Nikaona lawama ikae ilipokaa, isihamishwe. Nilikusudia kuyafunika mwezi mmoja, mdogo wangu, si miaka. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Uje siku moja, tuko wawili, useme, kaka, hivi ilikuwaje? Ningekwambia, na yangeisha palepale. Hukuuliza. Ulikuwa unawaambia watu."

Simama aliangalia mikono yake. Kulikuwa na msemo ambao mama yao alipenda kuwaambia walipokuwa wadogo na kujiumiza kwa ujinga wao, kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Aliusubiri kaka yake auseme. Dereva hakuusema.

"Na mimi nisijifanye malaika," akaendelea Dereva. "Miaka ya mwanzo nilikusitiri. Baadaye haikuwa sitara tena. Nilikuwa nakuona unapita kichwa juu, nikapata raha kujua kitu usichokijua. Nikasema moyoni, endelea, jisifu. Mama angeweza kuambiwa kabla hajafa. Nilikuwa na Jumapili mia mbili za kumwambia, nikazitumia kukuchukia. Hilo ni langu, usilibebe."

Simama alisema atawaambia watu wote, kuanzia kesho. Dereva alicheka kwa pua. Akamuuliza ni nani hasa atakayeambiwa, maana aliyestahili kuambiwa hayupo.

Hata hivyo alikwenda kuwaambia. Jumatatu alimweleza jirani yake wa injini, akawaeleza wateja mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa kwa aibu, lakini hakuipata kama alivyoitaka. Mtu mmoja tu ndiye aliyeondoa gari lake, kwa adabu, akisema amekumbuka safari. Wengine walimpiga bega wakasema fundi asiyekosea hajaanza kazi, mambo ya zamani hayo, ndugu ni ndugu. Walimsamehe upesi kwa sababu hawakuwa wamepoteza kitu. Alikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mama mwingine kabisa, mgeni, mpole. Alimkaribisha kiti, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole huyo bawabu anayemzungumzia alikuwa yupi, yule mrefu au yule wa kabla yake. Alikwenda na makaburini, akasimama mbele ya jina la mama yake, akakosa neno la kuuambia udongo.

Mkunga aliondoka Alhamisi, siku mbili kabla ya muda wake. Baba yake mdogo alimwandikia kwenye karatasi ni lini aangalie mafuta ya breki na lini arudi gari likaguliwe, naye akaikunja na kuiweka kwenye mkoba bila kusema sana. Alimwamkia, akamshukuru kwa kazi. Hakumkumbatia kama alivyomkumbatia baba yake. Simama aliona kwamba hilo nalo lina haki yake, na kwamba huenda likachukua miaka.

Tangu hapo amekuwa akienda kwa Dereva kila Alhamisi akishafunga karakana. Anaketi kwenye kile kiti kilichopasuka. Kuna siku maneno yanakuja na kuna siku hayaji, wakasikiliza redio mpaka taarifa iishe. Tabu yao ni kwamba kila hadithi lazima ianzie mbali. Akitaja jirani, inabidi aeleze jirani yupi. Akitaja ugonjwa aliougua, kaka yake hajui kwamba aliugua. Wamekuwa wazee wawili wenye mama mmoja, wasiojua mwenzao anakunywa chai ya namna gani.

Alhamisi iliyopita shemeji yake alileta vikombe, na Dereva, akipapasa meza kutafuta chake, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeona haya kuuliza: "Hivi una watoto wangapi sasa?"

"Watatu."

"Mimi nilikuwa najua wawili."

"Wa tatu ni msichana. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya mama kufariki. Ana miaka saba."

Dereva alikipata kikombe, akakishika kwa mikono yote miwili bila kunywa. Alihesabu miaka kwa kunong'ona. Kisha akasema, "Haya, nieleze. Yukoje?"

Simama alisogeza kiti karibu, akaanza na siku aliyozaliwa.